Neno "Kubahatisha" na Hukumu Isiyo na Sababu

Mwezi huu twataka kulitazama neno moja ambalo sote twalitumia, nalo ni "kubahatisha". Twalisikia shuleni, mwanafunzi asipojua jibu akatia alama popote. Twalisikia shambani, mtu akipanda kabla ya mvua kutulia. Twalisikia hata katika baraza za wazee, shauri linapokuwa gumu na watu wamechoka. Neno lenyewe halina ubaya kila mahali. Lakini likiingia katika kumhukumu mwenzetu, laleta msiba. Kwa hiyo yafaa wazee wa sharika na walimu wa Injili waijue maana yake na mipaka yake.

1. Kisa cha sadaka ya mavuno

Nitaanza kwa kisa, nacho ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa mwalimu katika usharika mmoja wa upande huu wetu wa Kibaha na Kisarawe, tena nalikuwa mwandishi wa baraza la wazee. Siku ya mavuno watu walileta muhogo, mahindi, nazi, kuku na mbuzi, na baada ya ibada vitu vikanadiwa mbele ya kanisa kama ilivyo desturi. Jumamosi iliyofuata baraza lilikutana kuhesabu fedha. Zikapungua shilingi 140,000 kuliko jumla iliyoandikwa kitabuni. Ufunguo wa sanduku alikuwa nao kijana mmoja, msaidizi wa mtunza hazina. Na juma lile lile kijana yule alionekana njiani amepanda baiskeli mpya.

Mimi nikasema, "Wazee wangu, nina hakika ni huyu." Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umejuaje?" Nikamjibu, "Moyo wangu waniambia." Mzee wa pili akasema, afadhali tupige kura, kama wale mabaharia waliokuwa pamoja na Yona, na Mungu mwenyewe atamwonyesha mwizi. Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ambo ya mto Ruvu yuko mtu apigaye bao, na kwamba hata Wakristo humwendea usiku. Saa ile kijana alikuwa nje, amekaa chini ya mwembe, akingoja kuitwa.

Mwisho wa kisa nitaueleza baadaye. Kwanza tuyaangalie mashauri yale matatu: moyo wangu, kura, na bao. Sisi tuliyaona kuwa mbalimbali sana; moja la mtu, moja la Maandiko, moja la mganga. Lakini yalifanana kwa jambo hili, ya kuwa hapana hata moja lililotutaka tuchunguze.

2. Maana ya maneno

Neno "bahati" limekuja kwetu kwa njia ya Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi. Maana yake ni lile limpatalo mtu pasipo yeye kulipanga, liwe jema au baya. Kutoka neno hilo twapata "kubahatisha", yaani kutenda jambo au kusema neno hali tukiitegemea bahati. "Nasibu" nalo ni neno la Kiarabu, na asili yake ni fungu au sehemu iliyomwangukia mtu. Maneno haya mawili yakiunganishwa huwa "bahati nasibu", ambayo siku hizi ni jina la mchezo wa tikiti na zawadi.

Biblia yetu ya Kiswahili haikuyaogopa maneno haya. Katika Luka 10:31 kuhani aliyepita katika njia ya Yeriko alishuka kwa nasibu. Katika Ruthu 2:3 yule mjane Mmoabi alifika katika shamba la Boazi bila kujua ni la nani. Mwandishi ameeleza jambo jinsi lilivyoonekana kwa macho ya watu. Walakini asomaye kitabu chote ajua ya kuwa Mungu alikuwa akimwongoza Ruthu tangu mwanzo. Lakini katika Isaya 65:11 Bahati latajwa kwa namna nyingine. Pale nabii awakemea watu waandaao meza kwa ajili ya Bahati na Ajali. Hayo yalikuwa majina ya miungu, ambayo kwa Kiebrania yaitwa Gadi na Meni. Basi twaona tofauti. Kusema "ni bahati" ni kukiri kwamba sisi hatukujua wala hatukupanga. Kuiandalia Bahati meza ni kuifanya bwana wetu, tuiulize na kuifuata. La kwanza ni unyenyekevu. La pili ni ibada ya sanamu.

Tena kuna maneno yaliyo jirani na kubahatisha, wala yasichanganywe nalo.

La kwanza ni "kukisia" au "kukadiria". Mkulima wa korosho wa Kisarawe hutazama maua ya mikorosho yake akasema, mwaka huu nitapata magunia sita. Hajui kwa hakika, lakini habahatishi. Ameihesabu mikorosho yake, akumbuka mavuno ya mwaka jana, ameona kama maua yameungua kwa ugonjwa ama ni mazima. Ukimwuliza, "Umejuaje?" atakuonyesha sababu zake moja moja, nawe waweza kumsahihisha. Kukisia kwa namna hii si dhambi. Ni akili tuliyopewa na Mungu.

La pili ni "dhana". Dhana ni wazo liingialo moyoni kabla ya ushahidi. Hatuwezi kulizuia lisiingie, ila twaweza kulikataza lisikae kitini pa hakimu.

La tatu ni "ovyo", na ndugu yake "holela". Abahatishaye amekosa maarifa. Atendaye holela amekosa kanuni. Magazeti husema juu ya ujenzi holela na bei holela, yaani nyumba zisizofuata ramani na bei isiyofuata kipimo. Vivyo hivyo iko hukumu ya holela. Leo kijana maskini hutengwa na Meza ya Bwana kwa kosa fulani, na kesho mtu mwenye mali, kwa kosa lilo hilo, huambiwa, "Pole, ndugu, jitahidi." Baraza la namna hii huenda lajua habari zote vizuri kabisa, hata hivyo laamua ovyo, kwa sababu halina kipimo kimoja kwa watu wote.

Kipimo cha kuyatenga maneno haya ni lile swali la mzee wetu, "Umejuaje?" Mwenye kukisia ana jibu ambalo mwingine aweza kulipima. Mwenye kubahatisha hana jibu, isipokuwa moyo wake.

3. Je, kura si ya Maandiko?

Mzee wa pili hakusema upuzi. Kura imo katika Maandiko, wala hatuna ruhusa kuipita kana kwamba haimo. Mithali 16:33 yafundisha ya kuwa kura hutupwa na watu, lakini hukumu yake yote ni ya Bwana. Basi na tuangalie kura ilitumiwa kwa kazi gani.

Ilitumiwa kwa kugawanya. Nchi ya Kanaani iligawanywa kwa kura kati ya kabila na kabila (Hesabu 26:55, Yoshua 18:10). Hapo kila mmoja alikuwa na haki ya kupata, na kura ilizuia upendeleo. Ilitumiwa pia kwa kupanga zamu: Zakaria aliingia kufukiza uvumba kwa sababu kura ilimwangukia (Luka 1:9). Hata leo baba mwenye watoto wawili na mashamba mawili yaliyo sawa aweza kutumia kura, wala hamdhulumu mtu.

Ilitumiwa kwa kumchagua Mathiya (Matendo 1:21-26). Lakini someni kwa utaratibu. Kwanza Petro alieleza ni mtu wa namna gani afaaye, yaani aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana. Kisha walichunguza wakapata wawili waliotimiza sharti lile. Kisha wakaomba. Ndipo wakapiga kura. Kura haikuchukua mahali pa kuchunguza, bali ilikuja nyuma yake. Tena baada ya Pentekoste hatuoni mitume wakipiga kura. Katika Matendo 6 watu saba walichaguliwa kwa kushuhudiwa mwenendo wao, na katika Matendo 15 shauri kubwa la watu wa Mataifa lilikatwa kwa kusikiliza, kuhojiana na kuyapima Maandiko.

Yabaki mahali pagumu, pale kura ilipotumiwa kumtafuta mkosaji. Akani alipatikana kwa kura, lakini kwa agizo la Mungu mwenyewe, wala si kwa shauri la wazee. Hata hivyo Yoshua hakumhukumu kwa kura peke yake: alimwuliza, Akani akaungama, wajumbe wakapiga mbio mpaka hemani, wakaviona vitu vimefukiwa (Yoshua 7:14-23). Mabaharia wa Yona nao, kura ilipomwangukia, walianza kumhoji kazi yake na atokako, naye akasema kweli kwa kinywa chake (Yona 1:7-10). Na Yonathani je? Kura ilimwangukia kwa sababu alikula asali, na Sauli akataka kumwua. Watu wakasimama wakayataja matendo yake mema, wakamwokoa (1 Samweli 14:41-45). Kura ilisema kweli kuhusu asali, lakini Sauli alikuwa amekosa katika hukumu.

Ndugu zetu Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, waijua habari hii kwa historia yao wenyewe. Katika karne ya 18 wazee wao wa Herrnhut huko Ujerumani walitumia kura katika mambo mengi ya kanisa, hata katika ndoa. Mwaka 1818 sinodi yao iliondoa sharti la kura katika ndoa, na mwaka 1889 kura ikaachwa kabisa katika uongozi wa kanisa. Imebaki katika lile kusanyo la neno la kila siku, ambalo lilichapwa kwanza kwa mwaka 1731 na ambalo Walutheri wengi nao hulisoma asubuhi. Andiko la Agano la Kale hutolewa kwa kura, lakini lile la Agano Jipya huchaguliwa na mtu kwa kulilinganisha na la kwanza. Kura hii haimdhulumu mtu, maana neno la Mungu ni jema lo lote litakaloangukia siku ile. Lakini jina la jirani yako silo neno la kutupwa ndani ya kofia.

4. Ramli na bao

Sasa tulitazame shauri la tatu. "Ramli" ni neno la Kiarabu, maana yake mchanga. Mpiga ramli hutia nukta nyingi mchangani kwa haraka, pasipo kuzihesabu. Kisha huzihesabu mbili mbili, aone mwishoni imebaki moja ama mbili. Kwa njia hii hupata alama, na alama zote za ramli ni 16. Katika pwani yetu wengi walitumia ubao wenye mchanga au unga, na kwa sababu hiyo twasema "kupiga bao".

Tazameni vizuri jambo hili. Msingi wa ramli ni nukta zilizotiwa bila kuhesabiwa. Kubahatisha kwenyewe ndiko kulikofanywa elimu. Alama zikiisha kupatikana hazitaji jina la mtu. Jina hutoka wapi? Hutoka kwa mwulizaji mwenyewe. Mpiga bao humwuliza habari za nyumbani: ni nani mligombana naye, ni nani aliyekuja siku mtoto alipougua, je, ni mwanamke, ni mzee, akaa upande gani? Naye mwulizaji ajibu, na mwisho asikia dhana yake mwenyewe ikimrudia kwa sauti ya mwingine, naye huiamini kuliko zamani. Alikwenda na shaka, arudi na hakika, wala hapana jambo jipya alilojua.

Matunda yake twayajua. Siku hizi watu huiita "ramli chonganishi", kwa maana huwagombanisha ndugu na majirani. Katika nchi za Ziwa Victoria, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, hali wekundu ule hutoka katika moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi ilitungwa katika Tanganyika mwaka 1928, na ingali katika sheria za Tanzania. Tena Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kwa ajili ya mauaji ya watu wenye ualbino. Lakini sheria haiwezi kuingia katika moyo wa mama aliyefiwa, aulizaye, "Nani amemwua mwanangu?" Hapo ndipo kazi ya mwalimu na ya mzee wa kanisa ilipo. Tusimcheke, wala tusimkaripie kabla hatujaketi naye. Tumsaidie kuuliza swali la kweli, yaani mtoto aliugua nini, alipelekwa zahanati lini, waliomtibu walisema nini. Tena tumsaidie kustahimili, ikiwa jibu halikupatikana. Maana wengi huenda kwa mpiga bao kwa kuwa hawawezi kukaa bila jibu, nao huona jibu la uongo kuwa jepesi kuliko kunyamaza.

Mungu amekataza uaguzi kwa watu wake (Kumbukumbu la Torati 18:10). Wengine hudhani amekataza ili kuwanyima watu maarifa. Sivyo. Amekataza kwa sababu uaguzi ni wizi: humwibia Mungu heshima yake, na humwibia jirani jina lake jema.

5. Njia ya Mungu katika kuhukumu

Torati haikumwachia hakimu moyo wake. Habari mbaya ikisikiwa, hata ikiwa ya kosa kubwa kabisa la kuabudu miungu mingine, imeagizwa kutafuta, kupeleleza na kuuliza sana, mpaka ithibitike (Kumbukumbu la Torati 13:14, 17:4). Shahidi mmoja hatoshi (19:15). Mithali 18 yamwita mjinga yule ajibuye kabla hajasikia, tena yaonya kwamba asemaye kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Nikodemo alisimama barazani akawakumbusha wakubwa kwamba torati haimhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yohana 7:51). Baraza lile lilimdhihaki, na mwisho wake twaujua: lilimtoa Bwana wetu kwa Pilato.

Lakini ushuhuda mkubwa umo katika Mwanzo 18:21. Kilio cha Sodoma kilimfikia Mungu. Yeye ajua yote, wala hana haja ya kuambiwa. Hata hivyo alisema atashuka aone kama mambo ni kama kilio kilivyo, na kama sivyo, ajue. Ikiwa Yeye ajuaye yote alishuka kuona, sisi tusiojua twawezaje kuhukumu tumekaa?

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia katika kukataza. Alifundisha kwamba imetupasa kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Basi amri hii huvunjwa na mwongo ajuaye kwamba adanganya. Huvunjwa pia na mtu mwema abahatishaye. Yeye husema, "Mimi sikusema uongo, nalidhani ni kweli." Lakini alikuwa na nafasi ya kuuliza, naye hakuuliza.

6. Mwisho wa kisa

Katika baraza letu alikuwamo mama mmoja mzee, asiyesema mara nyingi. Alitusikiliza hata tukanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, hicho kitabu mmekisoma?" Nikamjibu, "Jumla nimeisoma, mama." Akasema, "Sikuuliza jumla, mwanangu. Msitari kwa msitari."

Kwa aibu nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti. Tulipofika kwa mbuzi aliyenadiwa shilingi 90,000, mzee mmoja akashtuka, akasema, "Huyo ni mimi niliyemnunua. Sijalipa bado, naliahidi nikiuza korosho." Gunia la mahindi la shilingi 50,000 likawa vivyo hivyo, mnunuzi aliahidi tu. Mwandishi, ambaye ni mimi, aliziandika ahadi zote mbili katika safu ya fedha zilizolipwa. Tisini na hamsini ni mia na arobaini. Hapana senti iliyoibiwa. Na baiskeli? Hatukuwa tumemwuliza. Alipoulizwa alisema, pasipo hasira, kwamba amelipwa fedha za korosho zake.

Nikatoka nje, nikamwendea chini ya mwembe, nikamwomba radhi. Akanisamehe. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka barazani hata kijijini, na kwa muda mrefu watoto walimwita kwa jina baya alipopita na baiskeli yake. Ndipo nikajua kwamba kosa la kitabu husahihishwa kwa kalamu, bali jina la mtu halina kalamu iwezayo kulisahihisha upesi. Jumapili ile nalisimama mbele ya usharika nikaeleza kosa langu, kwa maana waliosikia shutuma walikuwa na haki ya kusikia pia ukweli.

Basi, ndugu, baraza likutanapo na shauri la mtu, tushike mambo haya. Tumsikie mshtakiwa kabla ya kutoa rai. Kila asemaye aulizwe, "Umejuaje?" na jibu liandikwe. Vitabu na vitu vitazamwe kabla ya watu kutuhumiwa. Kanuni iwe moja kwa maskini na kwa mwenye mali. Na jambo lisipothibitika, baraza liseme wazi, "Hatujui," limwache mtu huru. Kusema "hatujui" si udhaifu wa wazee, bali ni kumcha Mungu, ambaye peke yake huijua mioyo ya watu wote.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kukisia na kubahatisha? Toeni mfano wa kila moja katika kazi zenu.
2. Mitume walifanya mambo gani kabla ya kupiga kura katika Matendo 1?
3. Kwa nini ramli huongeza dhana ya mtu badala ya kuiondoa?
4. Mtu aliyefiwa akikwambia ataka kwenda kwa mpiga bao, utaketi naye namna gani?
5. Je, yuko mtu katika usharika wenu ambaye jina lake liliharibiwa kwa kubahatisha? Imewapasa kufanya nini?